Besi Yako Sasa Inaimbwa na Polisi

Kaka Yona,

Shikamoo. Sijui kama huko mliko bado mnaamkiana hivi au mmeshakuwa rika moja wote, lakini mimi nimelelewa kukuamkia, siwezi kuanza barua kama namwandikia mtoto wa jirani.

Mchungaji anasema sisi hatuzungumzi na wafu, na mimi nakubali. Ndiyo maana sizungumzi, naandika. Na kabla ya kushika kalamu nimemwambia Mungu kwamba barua hii ni ya kwake kwanza. Akiona inafaa, akusomee. Akiona haifai, aicheke mwenyewe.

Nina habari, na ni afadhali uipate kwangu mdogo wako kuliko kwa mtu atakayetangulia huko na kuitia chumvi. Nafasi yako kwenye kwaya ina mtu. Anaimba besi, besi yenyewe, ile ya kutikisa vioo. Ni mtu mwema. Ni polisi.

Tulia kwanza, kaka.

Najua unavyosema. Wewe ambaye ukiona shati jeupe la trafiki mbele unakata kona na pikipiki yako katikati ya mashamba ya zabibu, hata siku ambayo leseni ipo, bima ipo na kofia umevaa. Nilikuuliza siku moja nikiwa nyuma yako, matawi yananichapa usoni, "Kaka, tunakimbia nini na kila kitu kipo?" Ukanijibu, "Ndiyo hatari yenyewe. Ukiwa na kila kitu, itabidi watafute kipya." Wewe uliyemfundisha Jeshi, yule mbwa wako, kubwekea kila aliyevaa nguo nyeupe, mpaka nesi jirani yako akawa anazunguka mtaa mzima kwenda kazini. Uliyetuambia sisi wadogo zako kwamba polisi akikusalimia, itikia salamu, kisha ishia hapo hapo.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana ilianza na wewe mwenyewe.

Unakumbuka uliomba uimbiwe ule wimbo wa mto, aliotunga Mwalimu Ndahani, ambao katikati yake sote tunanyamaza na besi inaingia peke yake, "Nitavuka, nitavuka." Ulikuwa kitandani, umenishika mkono, ukasema, "Merina, msinizike na mapambio. Nataka wimbo wangu, na besi iwepo." Nikakuahidi. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Siku ya maziko tukasimama kaburini kwako Mvumi, tukaimba vizuri kabisa, tukafika pale pa kunyamaza. Tukanyamaza. Hapo ndipo kila mmoja wetu alipokumbuka kwamba besi ya kwaya yetu imo ndani ya jeneza.

Kimya kile, kaka. Waombolezaji walidhani ni utaratibu, wanaume wakavua kofia. Mwalimu Ndahani alibaki na mkono hewani kama anasimamisha basi, mpaka mchungaji akasema "Amina" ili kutuokoa. Siku ile nililia kwa mambo mawili, na la pili lilikuwa hilo. Nikaweka nadhiri pale pale kwenye udongo mbichi kwamba siku ya kukuwekea msalaba, wimbo utaimbwa mzima.

Lakini besi haichumwi mtini. Tulimjaribu yule fundi seremala wa karibu na kibanda changu cha cherehani, mwenye sauti nzito hata akiomba maji unadhani lori linawashwa. Akianza kuimba anapanda juu, anakuja kukaa na sisi akina mama wa alto, na kushuka hataki. Tukamjaribu mzee wa kanisa. Yule alishuka vizuri, ila akishafika chini analala.

Ndipo Jumapili moja, kwenye benchi la nyuma kabisa, mgeni mmoja mrefu akaitikia "Amina." Kikombe cha mchungaji kiligonga kisahani. Mwalimu Ndahani hakusubiri hata baraka ya mwisho. Alimkuta mlangoni akamshika mkono, "Ndugu yangu, unakaa wapi, na Alhamisi jioni unafanya nini?" Anaitwa Ezekia, mtu wa Makete kule kwenye baridi, amehamia hapa Chang'ombe kikazi. Kazi gani, hakuna aliyeuliza. Mtu mwenye sauti ile unaulizaje tena kazi?

Tulimpenda, kaka. Sechelela, unamjua mwenyewe anavyopenda watu, alikuwa anamletea vitumbua vyake kwenye bakuli la peke yake. Ezekia alijifunza wimbo wa mto kwa muda mfupi, na pale pa "Nitavuka" mara ya kwanza nilitoka nje nikajifanya naenda kutema mate.

Alhamisi iliyofuata akaja moja kwa moja kutoka kazini. Kombati za khaki, mkanda, viatu vya kung'aa, na begani alama mbili za koplo. Akasema, "Bwana Yesu asifiwe." Tukaitikia kama tuko kaunta ya kituo cha polisi.

Tangu hapo kwaya ilibadilika, ungekuwepo ungecheka mpaka ukohoe. Vitumbua vilikoma siku hiyo hiyo. Sechelela anauzia pembeni ya barabara pale wanapofukuzwa na mgambo, na kwake mgambo na polisi ni watoto wa tumbo moja. Lameki wa sauti ya tatu, ambaye pikipiki yake haijawahi kuwa na namba, akaanza kuiacha mtaa wa pili na kuja kwa miguu, anahema kabla hatujaanza. Mwalimu Ndahani, mtu aliyekuwa anatupiga rula vidoleni, akawa anasema, "Afande, kama haitakusumbua, naomba uingie mapema kidogo, ukipata nafasi." Mwenyewe akasema, "Niiteni Ezekia tu." Mwalimu akajibu, "Sawa, afande."

Maombi ndiyo yaliharibika kabisa. Zamani tulikuwa tunaombeana kwa majina na mambo yetu yote. Sasa Lameki anasimama, anasema, "Namwombea ndugu mmoja, sitamtaja, aliyeko mahali fulani, kuhusu jambo fulani." Tunaitikia amina kwa nguvu. Mungu alikuwa anajua, lakini sidhani kama alifurahi.

Na mimi je? Mwalimu aliniomba joho lako. Ni kubwa, lingemtosha. Nikamwambia joho la kaka yangu limo sandukuni na litabaki sandukuni, kaka yangu hakukwepa shati jeupe maisha yake yote ili nguo yake ije kuvaliwa na serikali. Nikampa afande joho la marehemu mhazini, mtu mfupi. Mikono ilimwishia kwenye viwiko. Akanishukuru kwa heshima, akasema linapitisha hewa.

Basi wakaanza kunong'ona. Lameki akasema huyu ametumwa. Sechelela akauliza ametumwa kuchunguza nini, vitumbua? Lameki akasema, "Dada, ungejua mambo haya yanaanzaga na nini." Wakakubaliana, na mimi nilikuwepo, kwamba mazoezi ya Alhamisi yahamie uani kwa Sechelela, na afande asiambiwe. Tungemwita siku ya msalaba tu, aimbe kipande chake arudi zake.

Kaka, nakuomba utazame akili zetu. Watu wazima, wengine wenye wajukuu, tulijificha kwa kuimba. Kwaya nzima, sauti tatu, saa kumi na moja jioni, katikati ya Chang'ombe. Afande alifika kanisani akakuta mlango umefungwa. Akasimama. Akasikia wimbo wa mto unatokea upande wa pili wa mtaa. Akaufuata.

Aligonga geti. Unajua wanavyogonga, hata wakigonga kwa wema. Sechelela alimwaga maji kwenye jiko la vitumbua, uani kukajaa moshi. Lameki aliruka uzio wa michongoma, akaacha ndala moja na kipande cha suruali. Mwalimu alificha fimbo yake ya kuongozea nyuma ya mgongo, hata sasa hajui kwa nini. Mimi nilijikuta nimeinua mikono, na mkononi nina kitabu cha tenzi.

Ezekia akaingia, akatazama moshi, akaitazama ndala. Akachukua ndoo tupu, akaigeuza, akakaa juu yake. Akasema, "Mwalimu, mmefika ubeti gani?"

Fimbo ikatoka nyuma ya mgongo. Kisha Mwalimu akasema, "Wa pili." Tukaendelea. Huko nje ya uzio Lameki naye aliimba sehemu yake, maana alikuwa hawezi kurudi na suruali ile.

Siku ya msalaba ikafika. Tulikodi Canter ya kubebea mifugo, dereva akaiosha, tukapanda nyuma na majoho yetu ya bluu, tunaimba. Mimi joho lako nilikuwa nalo kwenye mfuko, nilitaka kulitandika juu ya kaburi wakati wa ibada. Afande alitukuta tumeshapanda. Alisimama akaitazama ile Canter kama mtu anayetazama dawa chungu, kisha naye akapanda.

Tulipoacha lami kuelekea kwako, shati jeupe likatokea. Trafiki, peke yake na pikipiki yake, mkono juu.

Nakwambia kweli, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu hatukuogopa. Lameki alikunja mikono kifuani. Sechelela akamgusa Ezekia begani, kwa mara ya kwanza tangu zile kombati, akamwambia kwa sauti ya asali, "Kaka yetu, hebu shuka ukaongee na mwenzako." Trafiki mwenyewe alikuwa hana hata ukali. Aliona majoho, akasema, "Poleni. Mnakwenda msibani? Haya, nendeni polepole." Tulikuwa tumepita, kaka. Tumeshapita kabisa.

Ezekia akashuka. Akasimama wima na joho lake la viwiko, akapiga saluti, akasema, "Afande, mimi ni Koplo Ezekia. Gari hili ni la mizigo na limebeba watu. Na mimi nimo."

Sechelela akasema tu, "Nilijua."

Trafiki akamwambia, "Koplo, nimewaruhusu." Ezekia akasema, "Nimesikia, afande. Mimi nimewahi kuokota waombolezaji barabarani, walikuwa kwenye gari kama hili, wanaimba kama hawa. Sitaki kuokota tena." Alisema bila kupandisha sauti. Yule trafiki alimtazama, akatutazama sisi, akaona sasa hana namna tena. Tukashushwa wote. Dereva akarudishwa mjini na Canter tupu, kwa onyo. Trafiki naye akawasha pikipiki, amekasirika kwa kulazimishwa kufanya kazi yake, akasema, "Haya, isafirishe mwenyewe kwaya yako." Akaondoka.

Tukabaki kwenye vumbi, na jua linapanda. Kule kwako wifi Debora amepika, mchungaji ametangulia, msalaba umeshapakwa rangi. Na besi ipo, ndiyo, imesimama mbele yetu, ila haina gari la kuifikisha. Maneno aliyoyasema Lameki siyaandiki, barua hii inapitia kwa Mungu. Mimi nilikaa juu ya jiwe na mfuko wa joho lako mapajani nikawaza kwamba nakuzika mara ya pili, na mara ya pili ni kimya.

Ndipo Ezekia akatoka katikati ya barabara. Gari dogo lilikuwa linakuja. Akainua mkono. Kaka, ule mkono hausahauliki, hata ukitoka kwenye joho la bluu. Gari lilisimama kama limegonga ukuta. Dereva akatoka kabla hajaambiwa, leseni mkono mmoja, mtungi wa kuzimia moto mkono mwingine, kibao cha pembetatu kwapani. "Afande, mtungi upo, pembetatu ipo, mkanda nilifunga, muulize mke wangu."

Ezekia akasema, "Baba, naomba nafasi mbili kwa ajili ya waimbaji."

"Kosa langu nini?"

"Huna kosa."

"Niambie tu, afande. Nitasahihisha."

Ilichukua muda kumwaminisha kwamba ni lifti. Nadhani mpaka leo anahisi kuna kitu hakuambiwa. Alipakia watu wawili, akawafungia mikanda kwa mikono yake, akaondoka kwa mwendo wa harusi.

Na ndivyo kwaya yako ilivyosafiri. Kila gari lililopita lilisimama, na kila dereva alikiri jambo. Mmoja alisema taa ya nyuma ataibadilisha leo hii. Mwingine alisema yeye hakuwa anaongea na simu, alikuwa anajikuna sikio. Basi dogo la abiria lilichukua sauti ya kwanza karibu yote, konda akawapisha viti kama wabunge. Ezekia alihesabu viti na mikanda kila mara, pikapu la watu alilikataa, na kila anayeondoka alimpungia mkono. Sechelela alipanda na mzee mmoja, dirishani akanitazama kwa macho ya mtu ambaye hajui acheke au aombe toba.

Mwishoni tulibaki mimi na yeye. Magari yakakatika. Kukawa na upepo tu na ng'ombe wa watu. Nilikuwa nimemkasirikia na hasira imeniisha, nimebaki na haya. Nikamuuliza, "Mwanangu, unaishije hivi, kila mtu akikuona anatoa mtungi wa moto?"

Akacheka kidogo. Akasema, "Mama, mimi mama yangu mzazi akija kunitembelea anaficha ugoro."

Nikamwambia ugoro si kosa.

"Nimemwambia. Anasema huwezi kujua."

Kaka, nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokaa chini nikaona nalia. Nilimfikiria yule mama wa Makete anavyofunga kibati chake kwenye pindo la kanga nje ya mlango wa mwanawe. Nikakufikiria na wewe kwenye mashamba ya zabibu. Nikafungua mfuko. Nikatoa joho lako nikamwambia, "Vua hilo la viwiko, unatuaibisha."

Alilivaa pale pale barabarani. Urefu ni wake kabisa. Tumbo lako ndilo hana, joho limebaki linapepea mbele.

Gari la mwisho lilikuwa la mzee mmoja, la zamani, linavuja maji. Alishusha kioo akanyoosha leseni, na ndani yake amekunja noti. Ezekia akaitoa ile noti, akaiweka kwenye mfuko wa shati la mzee, akaufunga kifungo. Akasema, "Babu, shikamoo. Leo mimi ni besi tu." Mzee akasema marahaba, lakini hakumwelewa. Njia nzima aliendesha mikono yote miwili kwenye usukani na hakupumua hata mara moja mpaka Mvumi.

Tuliwakuta wote kaburini, wametangulia, wana vumbi. Jeshi alikuwepo, amezeeka. Nilikuwa naogopa atakavyofanya. Alimnusa Ezekia, akaona bluu, akamwacha, akaenda kumbwekea mchungaji na kanzu yake nyeupe ibada nzima. Wifi Debora ilibidi amfunge kwenye mti.

Tukaimba. Tukafika pale. Tukanyamaza, na nilifumba macho kwa sababu nilikuwa nakisikia tena kile kimya cha siku ile. Kisha ikaja. "Nitavuka, nitavuka." Ilitoka chini, kama inatoka kwenye udongo, na wifi akashika msalaba kwa mikono yote miwili. Sikudanganyi, haikuwa sauti yako. Wewe ulikuwa unachelewa kidogo, unatuacha tunaning'inia, halafu unaingia kama mwenye nyumba. Huyu anaingia kwa saa. Lakini aliingia, kaka. Wimbo wako uliisha mzima, na ahadi yangu imelipwa.

Usidhani tumekuwa malaika. Vitumbua vimerudi, tena Sechelela anamwekea vile vilivyoiva vizuri, lakini akimpa anasema, "Hivi nimepika nyumbani, siuzi." Lameki bado anaacha pikipiki mtaa wa pili. Ila Alhamisi iliyopita kwenye maombi alisimama, akakohoa, akasema anaomba Mungu amsaidie kupata namba ya pikipiki yake. Tulifumba macho wote. Ezekia ndiye aliyeitikia amina ya kwanza, na vioo vikatikisika. Na mimi juzi polisi alinisimamisha njiani na mzigo wangu wa vitambaa, moyo ukaniruka, kumbe anauliza njia ya sokoni. Nikamwonyesha. Nilipofika nyumbani nikakumbuka nimemwonyesha siko, kwa ajili ya hofu tu. Mungu anisamehe, najifunza polepole.

Kaka, nakuaga sasa, taa ya cherehani inanisubiri na nina sare za watoto za kumaliza. Pumzika, usihangaike tena na njia za mashambani. Joho lako litavaliwa kila Jumapili na mimi ndiye nitakayelifua. Mwalimu ameniambia nilipunguze kiunoni lisipepee. Nimemkatalia. Nakuahidi, maadamu naona tundu la sindano, ile nafasi ya tumbo lako sitaishona.

Mdogo wako,
Merina